Lugha Isiyokuwa na Amri

Baraza lile la mawe liko chini ya dirisha la Badria, kwenye uchochoro wa Mji wa Kale ambao jua haliufikii baada ya adhuhuri, na ndiyo sababu wanaume hawabanduki hapo. Huketi watatu. Jaffar, karani wa forodha aliyestaafu, huitwa Kamusi. Riyadh, muuza bizari wa Marikiti, huitwa Redio, na hapana haja ya kueleza kwa nini. Kitsao, mwendesha kreni bandarini, huitwa Winchi. Juu yao, nyuma ya ubao wa dirisha, Badria hujaribu kulala. Kazi yake ni ya usiku, kuandikisha malori kwenye lango la ghala moja huko Shimanzi. Asubuhi hurudi, akafua, akapika, akawatoa watoto kwenda madrasa, na saa za usingizi wake ndizo hizo hizo za baraza. Usiku uliopita alisinzia kitini, na msimamizi akamwambia kwa upole uliomtisha: akikutwa hivyo tena, arudishe ufunguo wa lango.

Badria alikuwa ndio kwanza anazama usingizini Kamusi alipopaza sauti.

— Kafa!

— Inna lillahi! — Redio akaruka. — Nani kafa?

— Hapana aliyekufa, yakhe. Kafa ni kahawa. Kwa Kimoja.

— Kimoja ndio nini?

— Lugha yangu. Nimeitunga iwe ya dunia nzima. Palikuwa na daktari wa macho huko Ulaya, zamani, alitunga yake, Esperanto, ili watu waelewane, waache kuchukiana. Mpaka leo wako waisemao. Alijitahidi, lakini hakuishi Mombasa.

— Na maneno umeyatoa wapi? — akauliza Winchi.

— Kila mahali. Meza ya Mreno, gari la Mhindi, sahani ya Mwarabu, shule ya Mjerumani...

— Hebu ngoja. Meza, gari, sahani, shule. Hicho si Kiswahili hicho?

Kamusi akakohoa.

— Ndiyo maana kahawa nimeibadilisha.

Badria akajifunika mto kichwani. Mto haukuwa na kazi mbele ya Redio.

— Mimi nasema lugha ya dunia iko tayari, — akasema Winchi. — Bandarini waja Wafilipino, Wachina, Waturuki. Naketi kule juu nawatazama mikono. Kidole juu, inua. Ngumi, simama. Hajatafutwa mkalimani hata siku moja.

— Na taa zikizimika? — Redio akamdaka. — Mikono utaiona gizani? Lugha ni ya paka, bwana! Paka wa Mji wa Kale babu zao walishuka kutoka kila meli, na leo wote waelewana.

— Waelewana? — akamaka Kamusi. — Jana walikuwa wakiuana juu ya paa langu!

— Hiyo ndiyo kuelewana. Kila mmoja alijua katukanwa nini.

— Basi pepo wawashinda paka, — Winchi akasogea mbele. — Kwetu Kaloleni pepo akimpanda mtu, ukimwita kwa Kigiriama huitika. Mlete shehe amsomee kwa Kiarabu, huitika. Akiwa pepo wa Kizungu, ataka soda na biskuti. Kasomea wapi huyo?

— Kumbe pepo ndio wa kutuletea amani! — Redio akajipiga paja. — Tuwapeleke Umoja wa Mataifa! Kila kiti pepo wake, vita vimekwisha!

Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Juu, Badria akaketi kitandani.

Kamusi hakucheka. Alisema lugha haitaki pepo, yataka kanuni. Siku atakapopatikana mgeni wa kwanza, mtu asiyekuwa wa baraza, akakubali kusemezwa kwa Kimoja, basi papo hapo lugha nyingine barazani imekwisha. Atakayeteleza atawanywesha wenziwe kahawa mwezi mzima.

— Wallahi? — akauliza Redio.

— Wallahi.

— Nami nimo, — akasema Winchi.

Badria akavaa buibui, akashuka ngazi.

— Salaam aleikum.

— Waleikum salaam, — wakaitika kwa pamoja, wakitaka kuinuka, maana hakuwa na mazoea ya kusimama pale.

— Starehe, msiinuke. Ami Jaffar, nasikia una lugha mpya.

Uso wa Kamusi ukang'aa.

— Nani kakwambia, mwanangu?

— Dirisha. Nina swali moja tu. "Nyamazeni" kwa Kimoja husemwaje?

Kamusi akatua kikombe chini.

— Halimo hilo. Amri zote nimeziondoa. Vita vyote huanza na mtu kumwamrisha mwenziwe.

— Haya, siwaamrishi. "Nataka kulala" je?

— Kulala... kulala sijakufikia.

— "Usiku nina kazi"?

— Hilo nalo halimo.

— Basi mna nini humo?

— Muna amani, — akasema Kamusi. — Muna ndugu. Muna bahari. Muna kafa.

— Yatosha. Mimi ndiye mgeni wenu wa kwanza. Nimekubali kusemezwa kwa Kimoja. Kuanzia sasa.

Redio akavuta pumzi ya kujibu, akaikumbuka kahawa ya mwezi mzima, akaitoa ile pumzi kama gurudumu lililochomwa msumari. Winchi akainua kidole, akakishusha.

— Kafa, — akasema Kamusi kwa unyonge, Winchi akammiminia.

Badria akapanda ngazi bila haraka. Akalala usingizi mzito, na chini yake wanaume watatu wakanywa kahawa kama watu walio kwenye mtihani. Hata adhana ya alasiri hakuisikia. Waliomwamsha ni wanawe, waliporudi kutoka madrasa wakitaka chakula.

Jioni alipotoka kwenda kazini, bado walikuwapo. Mkokoteni ulikuwa ukipita na kochi zima, na mwenye kochi ameketi juu yake, amekunja nne. Redio mishipa ya shingo ilimtoka. Kinywa kikafunguka. Kamusi akamwelekezea kidole.

— Badria!

Badria akageuka.

— Labeka, ami?

Kamusi akatikisa kichwa. Akaonyesha kinywa cha Redio, ambacho kilikwisha fungwa, kisha akajigonga kifuani kwa fahari. Badria akaelewa. Kimoja kimepata amri yake ya kwanza, na amri hiyo ni jina lake.

Shimanzi alikuta malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Madereva wamejazana dirishani kwake, Mganda, Mkongo, Mnyarwanda, kila mmoja ndiye aliyetangulia, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Badria aliketi, macho makavu kabisa, hana hata lepe la usingizi, akapiga meza kwa kiganja.

— Badria!

Wakanyamaza wote. Mkongo akavua kofia.

— Haya, — akasema Badria, akashika kalamu. — Nani wa kwanza?