Kristofa Shemkai, Mgawa Maji wa Kwemkindu

Kaka yetu Kristofa Shemkai alizaliwa hapa Vuga tarehe 14 Mei 1953, mtoto wa kwanza wa Mzee Kristian na Mama Eliza. Alimaliza darasa la saba mwaka 1967. Sisi wadogo zake tunakumbuka alivyotubeba mgongoni wakati wa mvua, njia ya shule ilipoteleza.

Mwaka 1975 aliteremka bondeni Kwemkindu kulima mpunga. Mtu wa milimani, amezoea matuta ya kabichi, alidhani mpunga haushibi maji. Jaruba lake lilikuwa karibu na banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini, akalijaza hadi miche ikazama. Dada mwenye jaruba la mwisho kabisa akafuata mfereji mkavu hadi kwake, jembe begani.

"Kaka, unafuga samaki?"

"Nalima mpunga, dada."

"Basi fungua yapite. Huku maji huanza kwa wa mwisho."

Huyo ndiye Esta. Walifunga ndoa hapa kanisani tarehe 8 Desemba 1979. Hata uzeeni, Esta akimkuta amenuna, alimwuliza habari za samaki wake.

Mwaka 1988 wakulima walimchagua kuwa mgawa maji. Kiangazi cha 2021 mto ulipungua mpunga ukichanua. Jirani yake Saidi, mwenye jaruba la juu, alimsihi: "Mzee, chukua kwanza hata kidogo. Nani atakulaumu?" Akajibu, "Nikianza mimi, kesho utaanza wewe." Mpunga wake ukawa mapepe matupu. Mwaka ule nyumbani kwake walikula makande, na wageni walikula makande.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua, tukampandisha huku Vuga. Hofu yake ilikuwa moja, kwamba akiondoka, wa juu watafunga maji. Saidi alipokuja kumwona, kabla hajamaliza shikamoo aliulizwa, "Yamefika chini?"

"Yamefika, mzee."

"Umeyaona, au umeambiwa?"

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, Esta akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto Janeth, Heri na Klara, wajukuu, na sisi wadogo zake.

Leo Alhamisi ni zamu ya wale wa mwisho, na kuja kuzika kungewakosesha maji. Jana Saidi na wenzake wa juu waliwaachia zamu yao, wakafunga malango ya maji ya majaruba yao wenyewe. Ndiyo maana Kwemkindu yote ipo hapa leo.

Lala salama, kaka. Mungu akupe pumziko jema.