Kiti cha Nyuma

Sogeeni karibu, wanangu, wote wawili. Wewe kifungua mimba wangu, acha kusimama mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa, njoo ukae hapa kitandani upande wa ukutani, na mdogo wako akae upande huu wa mtungi wa hewa, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na sitaki kesho mmoja aseme mama alisema hivi na mwenziwe aseme hakusema. Msinikatize. Nikinyamaza msidhani nimemaliza, ni pumzi tu imenitoroka, ingojeni itarudi.

Nyumba hii ni yenu nyote na hakuna wa kumtoa mwenziwe. Cherehani na vitambaa vya kupambia namwachia binti yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyejifunza kwangu kufunga riboni ambayo gari likikimbia haitoki. Spana za baba yenu na sanduku lake ni zako, mwanangu, na koti lake jeusi la kazi pia, ingawa najua litakubana mabegani. Hayo hayana ugomvi. Kinachonikosesha usingizi ni hilo gari ambalo hata halijafika hapa nyumbani.

Kiwanja chetu kimeshauzwa, na kilichopatikana kinatosha gari moja la kifahari la kubebea maharusi, moja tu, na kiwanja kingine hatuna. Mkikosea hapo, kazi aliyoianzisha baba yenu akiwa kijana imekwisha. Na mtakosea, wanangu, mtakosea kabisa, kwa sababu hamsemezani. Tangu tumzike baba yenu mimi ndiye simu yenu. "Mama, mwambie huyo lile gari jeusi lina injini ya kuaminika." "Mama, mwambie kaka kwamba bibi harusi haolewi na injini." Mko chumba kimoja, mnatazamana, na bado maneno yanapitia kwangu. Sasa simu yenyewe inakatika. Mtaongea kupitia kwa nani?

Acheni niisimulie siku ile aliyofariki baba yenu, kwa kuwa kila mmoja wenu anaisimulia kivyake. Gari letu la zamani lilizima kwenye mwinuko kabla ya ukumbi, bibi harusi akiwa ndani, msafara mzima ukipiga honi nyuma. Baba yenu hakutaka kungoja. Alishuka na suti yake, akaweka bega kwenye buti, akaanza kusukuma, na mimi niliyekuwa kwenye gari la nyuma nilimwona akipiga magoti taratibu kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka chini. Yule bibi harusi alishuka na shela lake, akaketi kwenye lami, akamlaza kichwa mapajani mpaka alipokata roho. Gauni lile halikufaa tena kwa sherehe, na siku zote hizi hajatuambia neno baya hata moja.

Na nyinyi, kabla hata sanda haijakatwa, mmoja akasema kaka hakubadilisha oili, mwingine akasema dada alipokea harusi mbili siku moja kwa tamaa. Daktari alituambia sote watatu pale kwenye korido, tukiwa tumesimama bega kwa bega, kwamba moyo wa baba yenu ulikuwa umechoka miaka mingi, na angeweza kuanguka akifunga viatu. Mlimsikia. Mlitikisa vichwa. Kisha mkatoka nje, kila mmoja na mlango wake. Mimi nimemlilia mume, na tangu siku hiyo nawalilia na nyinyi mkiwa hai.

Nilidhani tukienda pamoja kuyatazama magari mtalainika. Ndiyo maana wiki iliyopita nililazimisha mnibebe, ingawa muuguzi alikataa. Mnakumbuka nilivyowaambia kwamba mimi nitakaa nyuma, kwa kuwa mteja wetu anakaa nyuma. Tulianza na lile jeusi. Mwanangu, ulikuwa na haki ya kulipenda. Ulilala chini yake na shati lako safi, ukatoka na vumbi mgongoni, ukitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, ukasema halina hata tone la oili, na fundi yeyote anaweza kulitengeneza. Ulipokanyaga mafuta nilibanwa na kiti kama nimekumbatiwa. Lakini mlango wake wa nyuma ni mfinyu, ilibidi niinamishe shingo na kujiviringisha ndiyo niingie, na mimi nimebaki mifupa tu. Bibi harusi mwenye gauni pana ataingiaje? Na tulipotoka getini bampa lilikwaruza zege. Dada yako akacheka peke yake. Nilikuona kwenye kioo, ulivyokunja uso.

Tukapanda lile jeupe, binti akaendesha, wewe mwanangu ukakaa mbele pembeni yake, na yule muuzaji wa magari mwenye upara akakaa nyuma na mimi. Kweli lilikuwa zuri. Mlango ulifunguka wote, nikakaa kwanza kisha nikaingiza miguu kama malkia, na barabarani lilikuwa kimya hata nikasikia saa ya mkononi ya yule muuzaji. Ila wewe hukunyamaza. "Mama, mwambie huyo gari hili linakaa juu ya mifuko ya upepo. Ikipasuka litalala chini kama ng'ombe, na hapa hakuna wa kuishona." Naye: "Mama, mwambie kaka aache kuliombea mabaya." Nami nilitaka kuwajibu, nikafungua mdomo, hewa haikuingia.

Sijawahi kuwaeleza nilichokisikia pale nyuma, basi leo nawaeleza. Nilisikia, "Mama anakufa, simama." Nikasikia, "Nisimame wapi, huoni magari?" Gari likasimama kando. Nikasikia milango miwili ya mbele ikifunguliwa. Kupitia kioo niliwaona mmesimama mbele ya boneti, wewe mwanangu unadai ufunguo kwa kuwa unajua njia ya mkato ya hospitali, naye dada yako ameukumbatia kifuani, anasema hawezi kumkabidhi mama yake kwa mtu aliyemuua baba yake. Mama yenu alikuwa anakwaruza kitambaa cha kiti kwa kucha. Hamkugeuka. Yule muuzaji alishuka, akamnyang'anya binti yangu ufunguo mkononi, akaingia, akaondoka na mimi. Niligeuza shingo, nikawaona nyote wawili mnapungua kwenye kioo cha nyuma, mmetengana, kila mmoja upande wake wa barabara.

Hospitalini walimuuliza, "Wewe ni nani wa mgonjwa?" Yule mtu ambaye sijui hata anakolala alinitazama, akaona hakuna mwingine, akasema, "Mimi ni mwanawe." Akanishika kisigino cha mguu walipokuwa wananisukuma kwenye machela, kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kushika pengine. Nyinyi mlikuja baadaye, kila mmoja na pikipiki yake ya kukodi. Mlimkuta ameshaondoka. Nendeni mkamshukuru, wote wawili, kwa mdomo, siyo kwa ujumbe wa simu. Hilo ni agizo.

Ngojeni. Ngojeni kidogo.

Sasa kuhusu gari. Chukueni lile jeupe. Mwanangu, usiinuke, sijamaliza. Chukueni jeupe kwa sababu ya mlango, hapo dada yako ameona sawa. Lakini msilichukue mpaka mifuko ya upepo itolewe na kufungwa springi za kawaida, hapo kaka mtu ameona sawa, na yeye mwenyewe amsimamie fundi mpaka nati ya mwisho. Na liandikwe kwa majina yenu mawili, pasiwe na mmoja wa kuliuza akiwa na hasira. Atakayeendesha ni kaka. Atakayepokea wateja na kusema leo gari linapumzika ni dada, na akisema linapumzika, limepumzika. Kama hili haliwezekani, basi msinunue lolote. Kwa zile fedha kawajengeeni watoto wa shule darasa, wapeni vipofu, wapeni yeyote, lakini msimweke mtoto wa watu kwenye kiti cha nyuma cha gari ambalo wenyewe hawasemezani. Nimekaa hapo. Najua kulivyo.

Nawaombeni, wanangu. Mzazi haombi, anaagiza, lakini mimi nguvu za kuagiza sina tena, nawaomba kama ninavyowaomba maji. Semezaneni. Siyo mambo makubwa. Mwambie dada yako habari za mchana. Mwambie kaka yako shati lako limechanika kwapani, nilishone. Niwasikie mara moja tu.

Mbona kimya.

Haya. Msilie, kulia si kusemezana. Mungu awape mkate usiowakwama kooni. Awape watoto wanaogombana na kusahau kabla ya jua kutua. Barabara ziwapokee mkienda na ziwarudishe. Nimewasamehe lile la barabarani, nimewasamehe kabla sijafika hospitali, msije mkasema mama aliondoka na kinyongo. Nimewaridhia nyote, sawasawa, hakuna niliyempunja.

Fungueni dirisha. Liko wazi? Basi ni macho yangu.

Nipeni mikono. Kila mmoja anipe mmoja, niikutanishe mwenyewe hapa kifuani, kisha nipumzike. Huu nimeushika. Una jasho, sijui ni wa nani, haidhuru. Na wa pili?

Wa pili uko wapi, wanangu?