Joto la Kibanda cha Redio

Kopila, fungua mlango huo uuache wazi, nataka kumsikia baba mkubwa wenu akipanda mlima. Tekman, ulimtuma nani kumwita? Haya. Niegemezeni ukutani. Redio ipunguzeni sauti lakini msiizime, maana kituo chetu kikinyamaza sasa nitakufa kabla sijamaliza. Sikilizeni, wanangu, na mtu asinikatize.

Shamba la ngazi la juu na nyati wawili ni vya Tekman. La chini, lenye maji, ni la Kopila, na asije mtu kusema eti binti harithi, nimekwisha kusema mimi. Ufunguo wa kibanda cha mtambo kule kilimani ni wa Kopila pia, kwa kuwa mtambo anaujua kunishinda. Ni yeye huyo? Aa, mbuzi.

Mnakikumbuka kibanda kilivyokuwa na joto zamani? Marehemu mama yenu alianika gundruk, mboga zetu chachu, juu ya mabati ya kupozea mtambo, bibi yenu akipasha mgongo joto, na vitoto vya mbuzi vikilala chini ya mabati. Masika yote watu walijaa kwangu, nami nikajiona mtu. Kumbe joto lile lilikuwa umeme wetu unaopotea. Betri zilitoa wati mia saba, mlingoti ukapata mia tatu tu. Basi mwaka mmoja nikafunga koili mpya yenye mizunguko michache na kushusha volti inayoiamsha transista, kile kifaa cha kukuza mawimbi, ikawa inasinzia kati ya pigo na pigo badala ya kukaa macho muda wote. Mlingoti ukapata mia tatu zilezile, na betri zikatoa mia nne na hamsini tu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Lakini mabati yakapoa. Mama yenu akaja na ungo wake, akayagusa, akapiga kelele, "Umeiua redio!" Baba mkubwa wenu Dhanbir akanitania mbele za watu, "Mdogo wangu, redio baridi na jiko baridi, yote njaa." Watu wakaacha kuja. Nilivumilia wiki mbili, upweke ukanishinda, nikairudisha koili ya zamani kwa mikono hii hii. Joto likarudi, na watu wakarudi.

Mwezi wa Saun mwaka ule, mvua zikiwa kileleni, jua halikuonekana siku tano, paneli hazikuchaji chochote. Siku ya tatu, saa sita mchana, nimeshika maikrofoni niwaambie watu watoke chini ya genge lililopasuka, betri zikakata. Nilishuka mbio nikipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Sunmaya, binti wa kaka yangu, alikuwa bondeni akikata majani genge lilipoporomoka. Tulipomfukua, redio yake ndogo ilikuwa ndani ya kapu lake, bado imewashwa.

Maji, Kopila. Kidogo tu.

Nimepiga hesabu hiyo miaka kumi na tisa na jibu halibadiliki: mtambo ungekuwa baridi, betri zingefika kesho yake jioni. Kaka aliniuliza, "Betri ziliishaje?" Nikamjibu, "Mvua, kaka." Baada ya msiba nikaweka tena koili ile nzuri, nikadanganya kwamba imetoka mjini. Naye tangu hapo kila mwaka huniletea asali, kunishukuru kwa mbio zile. Asali yake imekuwa ikinikwama kooni, wanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeficha mpaka kifo kimeketi kitandani pangu. Nisipomuwahi, mwambieni nyinyi, wote wawili, uso kwa uso, msipunguze neno.

Na wewe, Kopila, kila asubuhi weka kiganja kwenye mabati yale. Yakikuunguza, tafuta kosa kabla hujanywa chai. Mtu akitaka pa kuanikia mboga, mjengee jiko.

Mbwa anabweka. Ni yeye? Leteni upesi mchele wa tika, niwabandike baraka kwenye paji la uso. Inameni... nishikeni mkono. Miungu ya mlima iwalinde. Mpendane. Mkikosa, semeni siku hiyohiyo. Haya, simameni, mpisheni.

Karibu, kaka. Hiyo asali... weka chini, usinipe. Keti karibu, sauti inakwisha. Siku ile uliniuliza betri... ziliishaje. Nikasema mvua.

Kaka, haikuwa mvua.