Dada Zuurakan, Mlinzi wa Vichwa Vyetu

Tarehe 30 Juni, Profesa Zuurakan Tilenova atastaafu rasmi, baada ya kuitumikia maabara yetu ya utafiti wa majeraha ya ubongo, hapa Bishkek, kwa miaka thelathini na minne. Kwenye nyaraka ni Profesa. Midomoni mwetu, kuanzia wanafunzi wapya hadi walinzi wa getini, ni Dada, na ukimwita vinginevyo anageuka kumtafuta huyo mtu mwingine.

Alizaliwa Ak-Tash, kijiji cha milimani, katika nyumba ya wafuga farasi. Alikuja mjini kusomea udaktari, akapangiwa wodi ya majeruhi wa kichwa, na huko akapata swali ambalo halikumwachia tena: kwa nini mtu mmoja akigongwa kichwa anaamka akiwa yuleyule, na mwingine anaamka akiwa mgeni nyumbani kwake? Alitafuta jibu wodini, akalikosa. Ndipo akaja kwetu, kwenye hadubini.

Waliofanya kazi naye wanajua mengine. Chai yake ni nyeusi kama lami. Gari lake analiendesha kama anayeswaga kondoo. Panya wa maabara huwasalimia kila asubuhi kwa heshima ya wakwe. Na mwanafunzi mpya haruhusiwi kugusa kifaa chochote kabla ya kushinda siku nzima wodini, kando ya mama wa mgonjwa. "Huo ubongo unaotaka kuusoma una mama yake," humwambia. "Nenda kamsalimie kwanza."

Kwa miaka kumi na moja Dada alitafiti dawa iliyotokana na mzizi wa milimani, akitumaini kwamba ingezuia ubongo uliojeruhiwa usivimbe. Matokeo ya mwanzo yalipendeza. Alialikwa kuhutubia katika nchi za watu, nasi tukaanza kujiona matajiri wa sifa. Kisha akaja Begayim, binti wa wakulima wa maharage kutoka Talas, kufanya shahada yake ya uzamivu. Dada akampa kazi ya kurudia jaribio kwa panya wengi zaidi, safari hii anayewapima asijue yupi amepewa dawa na yupi amepewa maji.

Begayim alirudia, akarudia tena. Kwa wiki kadhaa alikuwa akitukwepa kwenye korido. Mwishowe aliingia ofisini kwa Dada, macho yamemvimba. Mimi meza yangu iko chumba cha pili, na mlango haukufungwa.

"Dada, nadhani nimekosea mahali."

"Umekosea wapi?"

"Sijui. Nimetafuta kote sijaona. Dawa haifanyi kazi."

Dada alizipokea karatasi, akazisoma hadi chai yake ikapoa. Sisi wa huku tulikuwa tunasubiri radi.

"Hujakosea," alisema. "Nilikosea mimi. Nilijua panya yupi kapewa dawa, na macho yangu yakaona nilichotaka kuona. Acha kulia, utalowesha kazi nzuri."

"Lakini Dada, miaka kumi na moja!"

"Ndiyo. Unataka niongeze wa kumi na mbili?"

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya baraza zima la kituo, akasema dawa yake haifai na aliyegundua hilo ni Begayim. Wapo waliomshauri angoje kwanza ufadhili uishe. Hakungoja. Makala ilichapishwa, na jina la Begayim likatangulia la kwake. Asidhani mtu kwamba haikumuuma. Mwezi mzima alikuwa akikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, amefunga koti. Hata panya hakuwasalimia.

Alipoinuka, aliinuka na wazo jipya. Kama hatuna dawa ya kuuponya ubongo, basi tutazame unavyoumia. Akamchukua Begayim, wakaenda kwa wachezaji wa kok-boru, wale wapanda farasi wanaogombania mzoga wa mbuzi kwa mbio na mabavu, na ambao kuanguka kwao ni jambo la kawaida kama kupiga chafya. Msimu baada ya msimu waliwapima kabla ya mechi na baada ya mechi. Wakaona kwamba wengi hawakuharibiwa na kishindo cha kwanza. Waliharibiwa kwa kurudishwa kwenye tandiko kabla ubongo haujatulia, kisha wakagongwa tena.

Msimu mmojawapo timu ya Ak-Tash ilifika fainali ya Nooruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kwa mara ya kwanza. Kocha wake alikuwa Kubat, mdogo wake Dada wa tumbo moja. Nyota wake alikuwa Erjigit, kijana wa palepale kijijini. Katikati ya mchezo Erjigit alitupwa chini, akainuka anacheka, akapanda tena farasi wake, umati ukashangilia. Dada peke yake hakushangilia. Alikuwa ameona mguu wa kijana ukitafuta kikuku cha tandiko na kukikosa, mara mbili.

Aliingia uwanjani na viatu vyake vya mpira, akakamata hatamu.

"Dada, toka! Unatuaibisha!" Kubat alipiga kelele.

"Muulize leo ni sherehe gani."

"Erjigit, mwambie huyu mama tuendelee!"

Kijana akafikiri. "Ni harusi," akasema. "Si harusi yako, Kubat?"

Kubat alikuwa na watoto watano. Watu wakaangua kicheko, na yeye pia. "Anatania huyo! Mwachie!"

"Hatanii. Akigongwa tena, utampelekea mama yake nini? Kombe?"

"Utatuvunjia heshima ukoo mzima!"

"Nitaivunja. Mshushe."

Kubat hakumshusha, na Dada hakuachia hatamu. Refa alisimamisha mchezo, Begayim akasaidia kumteremsha kijana. Ak-Tash wakafungwa kwa bao moja.

Njiani kwenda hospitali Erjigit alianza kutapika, kisha akapoteza fahamu. Picha ilionyesha damu inajikusanya chini ya fuvu. Madaktari walimpasua jioni hiyohiyo, akapona. Kishindo kimoja zaidi, walisema, wangepokea maiti.

Mtu angedhani Kubat alikimbia kwenda kushukuru. Wapi! Aliona aibu, na aibu yake ikavaa hasira. Miaka miwili hakukanyaga kwa dada yake. Kwenye hitima ya mama yao walikaa pande mbili za mkeka mmoja, na chai ya Dada ikaletwa na watoto wa Kubat, si na Kubat mwenyewe. Tulimshauri aende akazungumze naye. "Akiwa tayari atakuja," alitujibu. "Mimi siwezi kuomba radhi kwa sababu mtu yuko hai."

Alikuja majira ya kuchipua, kofia mkononi, kiriba cha maziwa ya farasi begani. Alisimama mlangoni mwa maabara kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Dada, nifundishe yale maswali."

"Maswali gani?"

"Ya kumuuliza aliyeanguka. Jana nimemshusha mmoja kwa kukisia tu. Mimi si daktari."

Dada alimvutia kiti. Walikaa hadi jioni. Leo maswali hayo yanaulizwa na kila kocha wa ligi ya mkoa wetu, na anayeshindwa kuyajibu hapandi tena farasi hadi apimwe. Erjigit anafundisha watoto kupanda. Mkono wake wa kushoto bado ni mzito, na majina ya wanafunzi wake huyachanganya, lakini wao wamezoea na huitika jina lolote.

Kuanzia Julai maabara itaongozwa na Daktari Begayim. Dada anapanda kwenda malisho ya milimani na familia ya Kubat, na ameonya kwamba huko simu haishiki.

Jana mama yake Erjigit alipiga simu ofisini kuuliza kama kwenye sherehe ya kuaga patakuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Tumemwambia kiti chake kiko mbele, karibu na Dada.

Dada Zuurakan, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa ukweli wako hata ulipokugharimu. Nenda ukapumzike. Siku zako zijazo ziwe nyingi, zenye afya na vicheko, na maisha yakutendee wema kama ulivyotutendea sisi.