Historia ya Mama Rangi, Aliyeambiwa Hana Uzoefu

Wazazi wetu, ndugu, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote, hata kile kipande ambacho baba mdogo ameniomba nikiruke.

Dada, ambaye wengi mlimwita Mama Rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akamaliza shule ya msingi 1997, sekondari 2003, akaingia chuo kikuu kusomea kemia, akahitimu tarehe 24 Novemba 2006.

Mwaka wake wa mwisho chuoni alipelekwa kiwanda cha rangi kwa mafunzo kwa vitendo, na huko, kwenye chumba cha nyuma chenye meza moja mbovu, akabuni rangi ya kuta zenye unyevu, meneja akaisifu, akaichukua, akaiingiza sokoni kama yake, na dada aliporudi na shahada kuomba kazi, meneja huyo alimtazama juu mpaka chini akamwambia, "Binti, hapa tunataka mtu mwenye uzoefu." Yupo nasi leo, mstari wa pili, karibu sana.

Dada alianza kuchanganya rangi kwenye stoo ya mama, stoo iliyokua ikawa karakana yake, na tarehe 8 Agosti 2009 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, mteja wake wa kwanza, wakajaliwa mabinti wawili. Kipande cha kurukwa ni hiki: rangi aliyoichukua meneja ilikuwa na kasoro, dada aliigundua mwezi uliofuata, akarekebisha ya kwake, akanyamaza kimya, na wote mmeona kuta za watu zinavyobanduka kila mvua ikipita, nyumba ya meneja ikiongoza. Dada alicheka hadi akashika mbavu, na mimi leo, pamoja na msiba huu, nacheka.

Alianza kuumwa figo Februari 2024, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 3 Juni 2025. Jumapili iliyotangulia, meneja alifika hospitali na mfuko wa matunda, akaninong'oneza kwenye korido kwamba kiwanda kinamfia mikononi, nimuulize dada ule mchanganyiko sahihi kabla hajakata roho. Nilimuuliza, meneja. Alifungua macho akasema, "Mwambie aje karakana kesho, aanze kwa kuosha ndoo." Jumatatu hukuonekana.

Mchanganyiko huo wanaujua vijana sita watakaobeba jeneza, wahitimu wote, na wote uliwafukuza getini kwako, na karakana sasa ni yao, dada aliwakabidhi akiwa na akili timamu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliolala nasi hapa, wafanyakazi wenzake ambao hawakufunga karakana hata siku moja alipokuwa kitandani, kwa sababu aliwakataza.

Dada, wewe pumzika kwa amani, huyu tuachie sisi.