Gari la Jonan Halina Sauti

Sogeeni, wanangu. Biira, niinulie mto kidogo, na wewe Erifazi zima redio, maana pumzi iliyobaki sitaki kugawana na mtu anayetangaza bei ya kahawa. Nisikilizeni mpaka mwisho, hata nikisema jambo la kuwaaibisha.

Gereji yetu ya hapa Bwera nawaachia wote wawili, na Corolla ni ya Biira, kwa sababu yeye haikanyagi kama anaua nyoka. Bisibisi ndefu ya mpini wa mbao msiiuze. Ndiyo iliyowalisha: ncha kwenye injini, mpini sikioni, nikaujua ugonjwa wa gari kabla mwenyewe hajamaliza kunieleza, na pale njia panda ya Kikorongo, nilipoitwa kutengeneza, madereva wa malori walikuwa wakinyamazishana, "Mwacheni mzee asikilize kwanza."

Ndipo baba yenu mdogo, Jonan, akaleta gari la umeme. Alilisimamisha mbele ya gereji, wateja wamejaa, akafungua boneti akicheka: "Kaka, leta bisibisi yako. Hapa utasikiliza nini?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini kicheko kile kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo.

Walimu wa Maliba, ambao pikipiki zao nilizifufua miaka ishirini, walianza kununua za umeme, na kila waliponipita kimya kimya wakienda kuchaji kwa Jonan, aliyeanza kuwachajia watu nyumbani kwake, nilijiona nimezikwa huku bado napumua. Niliwatangazia watu kwamba betri zile zitalipuka mvua ikinyesha. Sikuwa najua lolote. Nilikuwa naona wivu.

Sasa sikieni nililolifanya. Jonan alipotaka umeme mkubwa wa kuchaji magari mengi, nguzo ilibidi isimame kwenye shamba langu la kahawa, nami nikamkubalia mbele ya ukoo mzima. Shimo likachimbwa. Asubuhi ambayo nguzo ingeletwa nikatangulia na jembe, nikapanda mti wa mpaka ndani ya shimo lile. Mnajua desturi yetu, kwamba mti wa mpaka haung'olewi ila kwa mkono wa aliyeupanda. Mafundi wa umeme waliuona, wakarudi na nguzo yao. Jonan alikuja akautazama, akaniambia, "Kaka, hapa hapana mpaka. Shamba ni lako pande zote mbili." Nikamjibu, "Sasa upo." Mwaka wa tatu huu anachaji kwa waya mwembamba wa nyumbani, gari moja kutwa nzima.

Nikifa mti ule umesimama, hakuna atakayethubutu kuugusa, nanyi mtarithi ugomvi ambao hamkuuanzisha. Kwa hiyo nipelekeni shambani leo, kabla jua halijawa kali. Erifazi atachimba pembeni, lakini mkono utakaovuta uwe wangu, hata kama Biira atanisaidia kuufumba kwenye shina.

Magari ya petroli hayataondoka kesho. Malori yataendelea kuvuka kwenda Kongo na moshi wake, na gari la umeme nalo lina breki na matairi ya kuharibika, kwa hiyo msifunge gereji. Ila wewe, Erifazi, nenda kwa baba yako mdogo akufundishe betri, na usione haya kuuliza. Mimi niliona haya, nikamchukia ndugu yangu kwa jambo ambalo angenieleza kwa siku moja.

Msidhani wivu umeniisha. Hata sasa unaniuma, kwa kuwa nimemwita anibebe kwa gari lake lile... Corolla ingenitikisa mifupa. Lake halitikisi. Nimeliona.

Nipe maji, Biira. Basi, yanatosha.

Mungu awape mikono isiyochoka na macho yasiyochungulia kwa jirani. Mlale mkiwa mmeshiba, wewe na ndugu yako, na watoto wa Jonan... wao pia. Niwekeeni ile bisibisi mkononi. Labda kuna kitu ndani ya gari lile kinachosikika, hata kidogo. Nataka nijaribu.

Tazama nje, Biira, kama anakuja.

Yuko mlangoni? Tangu lini?

Sikumsikia... Ingia, mdogo wangu. Ingia, unishike huku mguuni. Twende tukang'oe.