Séphora Kapinga Ntumba, Mpiga Alto wa Makomeno (14 Machi 1990 – 5 Juni 2025)

Mimi ni Michée, mdogo wake. Familia imenituma nisome, na bado siamini kwamba jina lililo juu ya karatasi hii ni la Yaya, dada yangu mkubwa. Alhamisi asubuhi alimpeleka mtoto shule kwa miguu yake.

Marehemu Séphora alizaliwa hapa Lubumbashi, mtoto wa kwanza wa Papa Franck Ntumba na Mama Wivine Kapinga, waliotoka Kasai wakajenga hapa mtaa wa Makomeno. Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, akamaliza sekondari na kupata diploma ya taifa mwaka 2008.

Muziki aliuanzia parokiani akiwa na miaka kumi na mitatu. Alitaka violini, akakuta zimekwisha. Ilibaki alto, kubwa kidogo kuliko violini na yenye sauti nzito zaidi, ambayo hakuna aliyeitaka. Alilia njia nzima. Baadaye alijicheka mwenyewe: wapiga violini mjini walikuwa wengi wakisubiri kuitwa, wa alto wawili tu. Akaitwa harusini, misani, hotelini, na siku za juma akafundisha. Hivyo ndivyo alivyojenga kazi yake, miaka zaidi ya ishirini, bila kukosa mazoezi hata mara moja. Sisi wanafunzi wake alituonya kwamba anayempa mwenzake kiti chake hata siku moja hakipati tena.

Tarehe 20 Agosti 2016 alifunga ndoa na Désiré Bwalya, fundi umeme wa Kambove. Wanamuziki wenzake Yaya walikuja kupiga, lakini mwenye alto hakufika. Bibi harusi akasukuma shela nyuma, akaketi na gauni lake, akapiga mpaka mwisho. Mama mkwe wake akauliza, "Huyu bibi, ni shiye tulimuoa ao ni orchestre?"

Mwaka huu orchestra mpya ya mji ilitangaza kiti kimoja cha alto chenye mkataba, kitu ambacho Yaya hakuwahi kukipata. Mazoezi ya kuchagua yalikuwa Alhamisi. Kichwa kilimuuma tangu Jumapili, naye akameza paracetamol tu. Jumatano alinipigia simu.

"Michée, kichwa iko inaniuma mubaya. Kesho uende pa nafasi yangu, unichungie kiti."

"Yaya, ni weye mwenyewe ulitufundishaka: kiti habapanake kwa mwingine."

"Ni kweli," akasema. Akaenda.

Saa kumi, wakati wa mapumziko, alilegeza upinde, akarudisha alto kwenye sanduku lake, akaanguka. Alikata roho njiani kwenda hospitali. Daktari alisema mshipa wa kichwa ulipasuka, na ungepasuka hata angebaki nyumbani. Nimemsikia. Haijaniingia.

Jumamosi Papa Ruphin, kiongozi wa orchestra, alikuja hapa kwenye kilio. Akaniambia alikuwa ameshaandika jina la Yaya kabla ya mapumziko, na kwamba sasa kiti ni changu nikikitaka, kwa sababu ni mimi ninayezijua noti zake. Nilitaka kumfukuza. Kisha nikakubali, kwa sharti moja: asilifute jina lake. Langu aliandike chini, kama remplaçant, mtu wa kumshikia nafasi.

Anawaacha mume wake Désiré, mtoto wao Ariel wa miaka saba, Papa na Mama, mimi, na wanafunzi kumi na mmoja ambao somo lao lilikuwa leo Jumatatu, saa nane.

Pumzika sasa, Yaya. Kesho nitaenda pa nafasi yako.